Orodha Haikuwa na Bamvua

1

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi nasema na kijiji kizima cha Mkiani, na hakuna hata mmoja anayesema na mimi. Ndiyo hali yenyewe. Msinionee huruma mapema, ngojeni kwanza mjue nilifanya nini.

Sauti inayotoka kwenye kisemeo ni yangu. Kisemeo ni kile kidude cheusi, ukubwa wa mche wa sabuni, kilichopigiliwa juu ya kila mlango pwani hii yote, kuanzia huku kwetu ncha ya kisiwa hadi kusini mpakani. Maboya yaliyotiwa nanga baharini yanapima maji na kupeleka vipimo Dodoma, na Dodoma inavirudisha vikiwa maneno: joto kiasi gani, chumvi kiasi gani, pumzi ya samaki ipo au haipo. Maneno hayo anayasema Mize binti Faki, mwanamke wa miaka arobaini na moja, sauti laini, hapati mafua, hakasiriki. Mimi mwenyewe sasa nina hamsini na tisa na meno mawili ya mbele sina. Yule wa mlangoni hazeeki. Wallahi kuna asubuhi namwonea wivu.

"Maji ya asubuhi," anasema, "nyuzi ishirini na saba. Pumzi inatosha. Nendeni salama."

"Nenda wewe," namjibu huku natia chai. Siku nyingine hayo ndiyo maneno pekee yanayotoka kinywani mwangu hadi jua linazama.

Walinichagua kwa sababu nilikuwa nikisoma matangazo ya vifo na ya meli kwenye redio ya kisiwa, na watu walisema hata msiba ukitangazwa na Mize unasikika vizuri. Wakanipeleka Dodoma, wakanitia kwenye chumba kilichotundikwa magodoro ukutani, wakanipa orodha ya maneno elfu nne niyasome kwa siku nne. Mashine ingeyakata na kuyaunga yenyewe. Siku ya tatu, karibu na saa saba, njaa inaniuma, nikafika kwenye neno la elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Maji mafu.

Mtu wa pwani haelezwi maji mafu. Mwezi ukiwa nusu, bahari haijai sana wala haitoki sana, mkondo unalegea, basi ndiyo maji mafu. Mwezi ukiandama au ukipevuka, bahari inajaa hadi kwenye mizizi ya mikoko na inatoka hadi mwamba wa mwisho unakauka, basi ndiyo bamvua. Hayo mawili huenda pamoja, kulia na kushoto. Kwa hiyo nilipoona maji mafu kwenye orodha ya watu wa bara nilifurahi, nikasema afadhali wametukumbuka. Nikatafuta bamvua chini yake. Haikuwapo. Nikatazama juu yake. Haikuwapo. Nikageuza ukurasa, na ule wa nyuma yake, hola.

Nikafungua mdomo niulize. Fundi wa mitambo akaniwahi: "Mama, tukimaliza ukurasa huu wali uko tayari." Nikafunga mdomo. Nikasoma maji mafu kwa sauti nzuri kabisa, nikaenda kula.

Walioandika orodha ile hawakuwa na habari ya mwezi wala ya mikoko. Kwao maji mafu yalikuwa maji yaliyokufa, maji yasiyo na pumzi ndani yake. Weka sufuria ya maji jikoni uitazame: vile viputo vidogo vinavyong'ang'ania ukingoni kabla maji hayajachemka ndiyo pumzi inatoka. Bahari nayo ikipata moto haishiki pumzi, na mwani ukioza chini unakula hata ile iliyobaki. Samaki anakosa hewa akiwa humo humo majini. Wataalamu walitaka jina fupi la janga hilo, wakaona hilo linafaa.

Mkiani ilikuwa na zizi la chewa. Matumbawe yetu yalikwisha pauka na kuvunjika, samaki wengi walikwisha hama kufuata maji baridi ya kusini, na kijiji kiliona heri kiwachunge wale chewa wakubwa wa kuzaa waliobaki. Walikuwa mia tatu na kumi na wawili, kwenye uzio wa nyavu, na lango moja la kuelekea kilindini. Maji yakiharibika, lango lifunguliwe wakimbie. Mshika lango alikuwa Bikombo, shoga yangu tangu tukiwa na nywele za kusuka mabutu.

Miaka kumi neno lile lilikaa humo bila kuhitajika. Kisha siku moja, ya nane ya mwezi, kisemeo kikasema: "Maji mafu. Maji mafu." Kijiji kikahesabu mwezi: nusu. Kweli, maji mafu, jipya lipi? Bikombo akanywa chai yake. Ilipofika saa tatu zizi zima lilikuwa limejaa chewa wanaoelea matumbo juu.

Neno likabadilishwa upesi. Siku hizi sauti yangu inasema "maji yasiyo pumzi", na kila mtu anaelewa. Walikuja watu wa tume, wakaandika, wakaondoka. Nikaacha redio ya kisiwa nikarudi nyumbani kulinda boya, maana walisema mwenye sauti akae karibu na watu wake. Hakuna aliyenifukuza. Watu waliacha tu kupita mlangoni kwangu, na nikisalimia wanaitikia kwa kichwa. Miaka minane sasa. Kuhusu bamvua na ule wali, sikumwambia mtu.

2

Redio ya kazini ililia katikati ya Agosti, siku ya tisa ya mwezi, upepo wa kusi ukiwa umekaza. Alikuwa Mhandisi Ngonyani wa Dodoma, mtu wa Songea ambaye, kwa kukiri kwake mwenyewe, amewahi kulowa maji ya chumvi mara mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini tena?"

"Sikio la nne la boya lako limeharibika. Linanguruma. Tangu juzi, alfajiri na jioni, mfululizo. Nadhani kuna skrubu imelegea."

"Skrubu ikilegea inanguruma kwa saa zake?"

"Ndiyo maana nakuomba ukatazame, mama."

Nikatia kihori changu majini, nikakisukuma kwa pondo hadi Mlango wa Kaskazini, pale mwamba unapoachia njia na boya limetiwa nanga. Njiani ni yale yale ninayoyajua: vifusi vya matumbawe vimeota utando wa mwani, konyeza wanaelea kwa makundi na kuwasha mikono, visamaki vya kangaja viwili vitatu vinazunguka bila kazi. Nilipofika nikasafisha masikio ya boya, vile vinasa sauti vya chini ya maji, kwa brashi, yote manne. Skrubu zilikuwa zimekaza. Nikavaa miwani ya kuzamia, nikatia kichwa majini nione kilichoko chini.

Walikuwa chewa. Chewa, jamani! Wamejipanga ukutani mwa mlango, mmoja juu ya mwingine, vichwa vyote vimeelekea mkondo, wakubwa wa mkono mzima na wengine zaidi. Majike matumbo yamewajaa. Madume wanagombana na kunguruma, na ule mngurumo niliusikia hadi kifuani. Nikahesabu hadi mia mbili na ishirini nikapotea. Nililia ndani ya miwani hadi ikajaa, ikabidi nitoke niimwage.

Siku ile ya msiba kona moja ya uzio ilikuwa imechanika, na siku zote nilikuwa nikijidanganya kwamba pengine wachache walipenya. Basi walipenya. Na walikuwa wamejifunza jambo. Chewa tuliowajua sisi walizaa wakati wa kaskazi, Disemba na Januari. Sasa kaskazi maji yanafika nyuzi thelathini na mbili na yai linaharibika kabla ya kuanguliwa. Hawa wamehamisha arusi yao hadi Agosti, maji yanapopoa. Kijijini hakuna aliyekuwa akiwatazamia Agosti.

Ila wangewaona. Siku nne tu zilibaki bamvua iingie, mwamba ukauke, watu watembee kwa miguu hadi mlangoni. Chewa aliyekuja kuzaa hakimbii, anasimama mahali pake umchome. Na Mkiani ilikuwa na mwezi wa pili inakula muhogo na kunde za msaada, kitoweo hakuna. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Nikamweleza Ngonyani. 

"Mama," akasema taratibu, "tutangaze maji yasiyo pumzi. Siku sita tu, hadi mwezi upungue. Hakuna atakayeingia baharini."

"Pumzi ipo."

"Najua ipo."

"Kwa hiyo niwaongopee."

"Si wewe. Kisemeo."

"Na kisemeo ni nani, mwanangu?"

 Sheria ya sauti Ngonyani anaijua kuliko mimi: kauli isiyotoka kwenye vipimo haiwezi kusemwa kwa sauti ya mtu mpaka mwenye sauti aweke kidole. Bamba la kidole liko nyumbani kwangu, ukutani, karibu na kalenda.

"Jike mmoja anabeba malaki ya mayai," akaendelea. "Wakizaa mara hii moja kwa amani, baada ya miaka mitano mna samaki. Wakichomwa, ndiyo basi, pwani hiyo yote sijui wengine. Mimi nimesoma taarifa ya tume, mama. Miaka minane iliyopita sauti yako ilisema kweli ikaua. Safari hii ikiongopa itaponya."

Hapo ndipo aliponipata. Si kwa mayai wala kwa miaka mitano. Nilitaka kufuta. Nilitaka siku moja kabla sijafa sauti ile iwe imeokoa chewa, hata kama ni mimi peke yangu nitakayejua. Nikaweka kidole.

3

Asubuhi yake nilikaa dirishani na chai yangu.

"Tahadhari," akasema yule wa mlangoni, laini kabisa. "Maji yasiyo pumzi. Siku sita. Msiingie baharini. Samaki waliovuliwa tangu jana wasiliwe."

Hayo ya mwisho sikuwa nimeyafikiria. Ngonyani aliyaongeza ili uongo ukamilike, na mimi niliridhia kauli bila kuisoma hadi chini. Haya, mara ya pili hiyo katika maisha yangu.

Bikombo alikuwa anapanda kutoka ufukweni. Alitega dema lake, ule mtego wa kusuka, jana yake jioni karibu na ufuko, na safari hii alijaaliwa: kikapu kilikuwa na tasi kumi au kumi na wawili, wanene, bado wanapiga mikia. Nyumba yake ina midomo saba. Nilimwona usoni kwamba anacheka peke yake, kwa jinsi mtu anavyocheka akijua leo nyumbani kutanukia. Kisemeo cha nyumba ya kwanza kikasema. Akasimama. Kikasema cha nyumba ya pili, halafu changu hapa juu ya kichwa changu, maneno yale yale, sauti ile ile.

Alisimama kitambo. Kisha akarudi chini, akapiga magoti, akachimba mchanga kwa mikono. Akawatia tasi wote. Akafukia. Halafu akafukua mmoja, akamshika kwa mikono miwili akamtazama macho, akamnusa. Samaki mzima, macho mang'avu, anasema naye kwa mdomo wake kwamba hana kitu. Bikombo akamrudisha shimoni, akafukia, akajisugua mikono kwa mchanga na maji, mara tatu.

Nilikuwa mbali naye hatua thelathini. Ningeweza kutoa kichwa dirishani nikamwita, shoga, wachukue samaki wako, wazima. Sikutoa. Chai ilinimwagikia mapajani, wala sikusikia moto wake.

Mimi miaka yote nilidhani Bikombo anaichukia ile sauti. Nilidhani ikisema, anasonya. Kumbe anaiamini. Baada ya yote yale bado anaiamini, zaidi ya pua yake mwenyewe, na mimi nimeikodisha kwa uongo ili roho yangu itulie.

4

Nilifuta ridhaa ya kidole changu saa nne. Ngonyani alinipigia papo hapo.

"Mama, umewaua."

"Pengine."

"Watawamaliza kwa siku moja!"

"Pengine, mwanangu. Lakini leo mtu amezika chakula cha watu saba kwa ajili yangu, na kesho maji yakiharibika kweli nataka waamini. Mkishaanza kuwaongopea kwa wema hamtaacha. Kila siku mtakuwa na sababu nzuri."

"Utawaambia nini sasa?"

"Nitawaambia yaliyopo."

"Ngoja nikuandikie kauli."

"Hapana," nikasema. "Nakwenda kwa miguu."

Alasiri wanawake hukutana penye tangi la maji matamu, kila mmoja na ndoo zake. Walikuwa kama kumi na tano, na wanaume wachache wamekaa upande wa kivuli. Njiani nilikuwa nimepanga maneno vizuri. Nilipofika yote yakapotea.

"Kisemeo kimeongopa leo," nikasema.

Hawakugeuka. Sauti yangu ilitoka imekwaruza, imepasuka katikati, na upepo ukapita kwenye lile pengo la meno. Nikasema tena kwa nguvu. Msichana mmoja aliyeolewa kijijini miaka mitatu iliyopita akamuuliza mwenzake, "Huyu nani?"

"Mize."

"Mize yupi? Wa kisemeo? Mbona sauti si yake?"

Mtu mmoja akacheka. Nikasema, "Sauti yangu ndiyo hii. Ile ni ya zamani." Kisha nikayamwaga yote, bila mpango. Kwamba maji ni mazima. Kwamba tasi wa Bikombo walikuwa wazima na nilimwona akiwazika nikanyamaza. Kwamba chewa wamerudi, wako Mlango wa Kaskazini, zaidi ya mia mbili, wamekuja kuzaa, na uongo ule niliuridhia mimi ili msiwafikie. Minong'ono ikaanza, mzee Khatib, mvuvi, akasimama pale kivulini, wanawe wawili wakatazamana. Nikaona nikinyamaza hapo nitakuwa nimesema nusu, kama desturi yangu.

"Na jambo jingine. Orodha ile ya Dodoma ilikuwa na maji mafu, haikuwa na bamvua. Niliona. Niliitafuta kurasa tatu. Nikajua kuna kitu hakiko sawa, nikataka kuuliza, nikaambiwa wali uko tayari. Nikaenda kula. Tume sikuiambia. Nyinyi sikuwaambia. Mmedhani mashine ilikosea. Mimi niliona."

Maji yalikuwa yanafurika kwenye ndoo ya mtu na hakuna aliyefunga bomba. Bikombo alikuwa amesimama mbele yangu. Alikuwa amezeeka, na mimi sikuwa nimemtazama kwa karibu kwa miaka minane.

"Toka mlangoni kwangu hadi langoni mwa zizi ni hatua arobaini," akasema. "Kila siku ya Mungu nazihesabu. Siku ile sikwenda kutazama. Unajua kwa nini sikwenda?"

"Kwa sababu ulisikia maji mafu."

"Kwa sababu nilikusikia wewe. Angesema mtu mwingine ningetoka nikatie mkono majini. Nikasema, ah, ni Mize, Mize anajua maji." Akainamia ndoo zake. "Na wewe ulikwenda kula wali."

"Nilikwenda kula wali."

Akachukua ndoo zake akaondoka, na maji yakimwagika njia nzima. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyesema watawaacha chewa au watawachoma. Nilibaki pale nikafunga bomba.

5

Siku ya pili yake wana wa mzee Khatib walikwenda Mlango wa Kaskazini kwa kihori, na mikuki. Hawakujificha, walipita mbele ya dirisha langu wakirudi. Chewa kumi na mmoja. Niliwahesabu waliposhushwa, na majike walikuwa saba. Wakawagawa kijiji kizima, maana hata wao wasingethubutu kula peke yao.

Ngonyani alikuwa amesikia mikuki kwenye sikio la nne. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Wangapi?" nikamwambia, akasema, "Haya mama," akakata redio. Nafikiri alikuwa analia, au anakula, mtu wa bara humjui.

Adhuhuri nilisikia kitu kinawekwa kizingitini. Nilipofungua, mtu alikwisha kwenda zake. Bakuli, limefunikwa kawa. Miaka minane hakuna jirani aliyeniletea kitoweo, nilisahau hata jinsi ya kulipokea, nikalitazama nimesimama hadi nzi wakaja. Ndipo nilipoitambua ile kawa. Niliisuka mimi mwenyewe, ukindu mwekundu na mweusi, nikampa Bikombo siku ya arusi yake.

Ndani mlikuwa na kichwa cha chewa kwenye mchuzi wa nazi. Kwetu kichwa cha chewa hapewi mtu wa kupita tu.

Sitaki kujipamba: nilikula. Nilikula nikilia, nikachokonoa mashavu na macho, nikanyonya hadi mfupa. Alikuwa mtamu kupita kiasi. Kila tonge nilijua ninachokula, na kila tonge nilijua nani amenitumia. Nikaosha bakuli, nikaosha kawa nikaianika juani, nikakaa karibu nayo isije ikapeperushwa na kusi.

6

Siku ya kumi na nne ya mwezi bahari ilitoka. Kufikia saa nne mwamba wote ulikuwa mkavu, kutoka ufukweni hadi Mlango wa Kaskazini, na mtu angeweza kwenda bila kulowa magoti. Nilitangulia. Sijui nilidhani mwanamke mmoja mwenye pondo atamzuia nani, ila nyumbani sikuweza kukaa. Nikasimama ukingoni mwa mlango. Chini yangu walikuwako bado, wamejipanga, wananguruma hadi nikausikia mngurumo kwenye nyayo.

Kisha nikawaona wanakuja. Kijiji kizima, kwa mstari mrefu juu ya mwamba, na vikapu, na wana wa Khatib na mikuki yao mabegani. Nikasema moyoni, basi. Nimewaambia kweli na kweli imefanya kazi yake. Nilishika pondo kwa mikono miwili, nikajua siwezi kufanya kitu.

Bikombo alikuwa mbele. Alikuwa na mti mrefu begani, na kwenye ncha amefunga kanga yake nyekundu. Hakunitazama. Akapita kando yangu, akatafuta tundu kwenye mwamba, akauchomeka ule mti, akaukandamiza kwa mawe. Zamani, mama zetu walipofunga mwamba ili pweza wakue, ndivyo walivyofanya. Mimi nilikuwa mdogo mara ya mwisho kuona.

"Mlango umefungwa," akasema kwa sauti ya wote kusikia. "Hadi mwezi upungue. Vikapu ni vya chaza upande ule."

Mwana mkubwa wa Khatib akaguna. "Na sisi tule nini?"

"Wewe umeshakula. Kumi na mmoja wametosha. Kaa hapo na mkuki wako ulinde."

Yule mwana mkubwa akakaa juu ya jiwe. Mdogo wake akakaa pia. Watu wakaanza kutawanyika kuelekea kwenye chaza, lakini polepole, wanageuka nyuma, kwa kuwa Bikombo alikuwa bado hajaondoka mbele yangu. Alikuwa anafuta mikono kwenye nguo yake, anatazama maji, anatazama mwamba uliokauka, kila kitu isipokuwa mimi.

"Mize," akasema. "Leo maji gani?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Swali hilo huulizana watu wakikutana njiani kwenda pwani, na tangu visemeo vipigiliwe milangoni hakuna anayemuuliza mwenzake.

"Kisemeo hakijakwambia?"

"Nakuuliza wewe."

 Nikalisema, na upepo ukapita kwenye pengo, neno likatoka na mluzi.

"Bamvua."

"Sema tena," akasema Bikombo. "Wa nyuma hawakusikia."

Wale wa nyuma walikuwa wamesimama kweli, vikapu mikononi, wananingoja. Nikajaza kifua nikawaambia, kwa sauti yangu hii hii iliyopasuka, hadi kwa yule wa mwisho kabisa: bamvua.